Kutoa ledi kwenye boksi lako la kuvulia: mwongozo kamili kwa mvuvi wa Nairobi (na mwenye bunduki pia)

Kama unavua, iwe ni wikendi Naivasha, iwe ni trauti kwenye mito ya Aberdare ama kambare kwenye bwawa la mtu huko Kiambu, karibu nikuhakikishie boksi lako lina ledi. Ledi ndio yale madini ya risasi, kile chuma laini cha kijivu, kizito kuliko kinavyoonekana. Sinka nyingi zinazouzwa, vile vizito vya kuzamisha ndoano, ni za hiyo (Pwani wataita chubwi), kwa sababu inayeyuka haraka, inakubali umbo lolote na inazama vizuri. Ni sumu pia, na kila mara uzi ukikatika unaiacha hapo chini kwenye tope, mahali ndege wanatafuta chakula.

Huu ni mwongozo wa kuitoa yote bila kumaliza mshahara. Msimamo wangu nautoa mapema: usingoje mtu wa serikali aje na tangazo, kwa sababu mbadala uko Kamukunji na kwa mafundi wa kuchomelea mtaani kwako kwa bei ya chuma chakavu, na ukipiga hesabu vizuri (tutaipiga hapo chini) utaona hupotezi kitu cha maana kwenye uvuvi wako.

Inaua vipi

Ndege hana meno. Anameza mchanga na vijiwe, vinakaa kwenye firigisi, na firigisi inasaga chakula kwa hivyo vijiwe. Sinka ndogo ya ledi ikilala kwenye tope inafanana na kijiwe ama mbegu, bata anaiokota, inasagwa pamoja na mchanga huku asidi ya tumbo inaiyeyusha na sumu inaingia kwa damu. Wiki mbili tatu baadaye ndege amekonda, mabawa yameshuka, kinyesi ni cha kijani na kuruka hawezi tena. Wale wanaokula samaki wanapata kwa njia ingine: samaki amekata uzi ameenda na ndoano na sinka mdomoni, halafu mnandi, mwari ama tai mla samaki anambeba na kila kitu.

Upande wa bunduki, risasi ya ledi ikipiga mnyama haibaki kipande kimoja, inamwaga vijipande vidogo sana ndani ya nyama na matumbo. Ndege wanaokula mizoga wanavimeza. Hiki ndicho kilichowamaliza kondo wa California kule Marekani, wale ndege wakubwa wa mizoga, mpaka mwaka 1982 walikuwa wamebaki kama 22 tu na hata baada ya kuzalishwa na kurudishwa, ledi bado ndiyo inaongoza kuwaua. California ikapitisha sheria mwaka 2013, na kufika Julai 1, 2019 uwindaji wote huko ukawa ni risasi zisizo na ledi.

Sisi hapa uwindaji wa starehe ulifungwa 1977, kwa hivyo tatizo letu kubwa la tai ni sumu za dawa za shamba zinazopakwa kwenye mizoga, tusidanganyane. Ledi kwetu inaingia zaidi kupitia uvuvi. Lakini kumbuka wale bata wanaojaa Naivasha na Nakuru kuanzia Oktoba wengi wanatoka Ulaya na Asia, wanapita maeneo watu wanapiga marisau ya ledi (zile punje ndogo za bunduki) kwenye madimbwi, na ndio maana Kenya iko kwenye mkataba wa AEWA wa kulinda ndege wa majini wanaohama, ambao ulitaka marisau ya ledi yaachwe kwenye ardhi oevu kufikia mwaka 2000. Umoja wa Ulaya wenyewe ulichelewa, katazo lao la marisau ya ledi kwenye ardhi oevu lilianza Februari 15, 2023. Sasa ndege anatoka huko ameponea, anakuja kutua Naivasha, ambayo iko kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani, tangu 1995, halafu anaokota sinka yako. Si vizuri.

Hatua ya kwanza: mwaga boksi lote mezani

Si meza ya kulia. Tandaza gazeti nje kwa veranda, vaa glavu zile za kuoshea vyombo, mwaga kila kitu. Sinka kubwa, sinka ndogo za kubana kwenye uzi, ndoano zenye kichwa kizito, chambo bandia zenye tumbo zito, nzi bandia za trauti (ndoano zilizofungwa nyuzi zifanane na mdudu), hata boya zingine zina uzito wa ledi hapo chini.

Sasa pima moja moja. Anza na sumaku, ng'oa ile ya spika iliyokufa ama nunua barabara ya Luthuli. Kitu kikishika sumaku ni chuma, weka kando, hicho hakina shida (zile zenye ndoano jaribu kile kizito, si ndoano yenyewe). Kisiposhika, jaribu ukucha ama kisu: ledi inakwaruzika bila nguvu na hapo ulipokwaruza panang'aa kama fedha, baada ya siku chache panarudi kijivu. Halafu ipitishe kwenye karatasi nyeupe, ledi inaandika mstari wa kijivu. Bati safi nayo ni laini na haishiki sumaku, lakini haiandiki hivyo, na ni nyepesi zaidi.

Ukiwa bado una shaka kuna njia ya mizani ambayo mimi naiamini kuliko zote. Chukua mizani ya dijitali (kama ni ya jikoni, isirudi jikoni kabla ya kupanguswa vizuri), pima kitu chako kikiwa kikavu, andika gramu. Weka glasi ya maji kwenye mizani, rudisha sufuri, halafu ning'iniza kile kitu kwa uzi kizame kabisa bila kugusa chini wala pembeni. Namba itakayotokea ndiyo ujazo wake. Gawanya uzito kwa hiyo namba. Ukipata 11 na kitu, hiyo ni ledi. Ukipata 7 kwenda 8 ni chuma ama bati, shaba inacheza karibu na 9, na tungsteni safi inafika 19. Mfano, sinka ya gramu 60 ikikusomea 5.3 kwenye maji, 60 gawanya kwa 5.3 unapata 11.3, kwisha habari yake. Vitu vidogo kama punje pima nyingi pamoja, funga hata ishirini kwenye uzi mmoja, moja pekee mizani ya jikoni haitakuambia kitu.

Hatua ya pili: anza na ndogo

Watu wengi wanakimbilia kutoa lile sinka kubwa la gramu 200 kwa sababu ndilo linaonekana baya. Hapana, anza na zile ndogo. Ndege hawezi kumeza jiwe kubwa. Uingereza walipoona swani wanakufa ovyo kwenye mito (swani ni yule ndege mweupe wa majini mwenye shingo ndefu), walipiga marufuku sinka za ledi kuanzia 1987, na kipimo walichoweka ni kuanzia gramu 0.06 mpaka gramu 28.35, yaani ile punje karibu huioni mpaka aunsi moja. Swani walianza kuongezeka tena. Kanada kwenye mbuga zao za taifa waliweka chini ya gramu 50, na Denmark hawakutaka maneno mengi, walifunga biashara ya vifaa vya uvuvi vya ledi kabisa.

Mimi nafuata 50 za Kanada kwa sababu ni rahisi kukumbuka. Kila kitu cha ledi chini ya gramu 50 kinatoka leo. Vikubwa vinaweza kungoja mpaka upate mbadala, lakini visirudi kwenye boksi la kila safari.

Na hizi punje za kubana, kuna watu wanazibana kwa meno. Unajua ni wewe nasema. Acha hiyo tabia leo hii hata kabla hujamaliza kusoma, tafuta koleo ndogo.

Hatua ya tatu: piga hesabu kabla ya kununua chochote

Hapa ndipo watu wanakata tamaa bila sababu, wanasema chuma ni chepesi hakitashika chini. Haya tuone. Gramu 100 za ledi zikizama zinavuta kama gramu 91, kwa sababu maji yanaisukuma juu. Gramu 100 za chuma cha kawaida zinavuta kama gramu 87. Tofauti ndio hiyo tu! Kwa hivyo ukitoa sinka ya ledi ya gramu 100 weka chuma cha gramu 105, imeisha, chini ya maji ni kitu kimoja. Kinachobadilika ni unene, chuma kitakuwa kikubwa mara moja na nusu hivi, kwa hivyo mto wenye kasi utakivuta kidogo zaidi na ukirusha dhidi ya upepo haitafika mbali sana. Kwa bwawa na kwa ziwa hutahisi kitu. Kwa mto kama Tana mvua ikinyesha, ongeza uzito kidogo ama tumia umbo bapa lisilobingirika.

Jiwe ni hadithi nyingine. Gramu 100 za jiwe gumu zinavuta kama 61 tu ndani ya maji, kwa hivyo unahitaji jiwe la gramu 150 kufanya kazi ya ledi ya 100, na ni kubwa mara sita na zaidi. Linafaa kwa uvuvi wa kutulia. Na usiokote yale mawe ya volkeno yenye matundu huko Naivasha ukidhani umepata bure, mengine yanaelea.

Hatua ya nne: tengeneza sinka za nondo

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Vipande vya nondo viko kila mahali panapojengwa, na Nairobi ni wapi hapajengwi. Omba msimamizi vile vipande vifupi wanavyotupa, ama nenda Kamukunji, Gikomba, Kariobangi Light Industries, utauziwa kwa kilo. Uzuri wa nondo ni kwamba uzito wake kwa urefu unajulikana, unapima kwa rula:

- milimita 8: kama gramu 4 kwa kila sentimita
- milimita 10: kama gramu 6
- milimita 12: karibu gramu 9
- milimita 16: karibu gramu 16

Ukitaka sinka ya gramu 50, kata nondo ya 12 urefu wa sentimita 5 na nusu na kitu. Gramu 100, ya 16 sentimita 6 na robo. Gramu 25, ya 10 sentimita 4. Hakuna kuyeyusha, hakuna moshi, ni msumeno wa chuma tu na dakika chache, na ukimpa fundi mwenye grainda anakukatia nyingi wakati anangoja mteja mwingine.

Baada ya kukata, pitisha tupa kwenye ncha zote mbili, zile kingo kali zitakula uzi wako. Halafu unahitaji mahali pa kufungia. Njia nzuri ni fundi achomelee kitanzi cha waya kwa juu. Njia ya pili ni kutoboa tundu kwa drili, biti ya milimita 3 inatosha, sentimita nusu kutoka nchani, na tundu nalo ulilainishe. Njia ya mtu asiye na fundi wala drili ni kuzungushia waya laini wa kufungia nondo mara nne tano kwenye yale mabonde ya nondo, unasokota kwa koleo, unaacha kitanzi juu. Yale mabonde yanashika waya vizuri ajabu, nondo laini ya mviringo haishiki hivyo.

Sinka ya kuteleza kwenye uzi, ile unapitisha uzi katikati, tumia nati. Nati ya M8 ni kama gramu 5, M10 kama 11, M12 kama 17, M16 kama 33, lakini viwanda vinatofautiana kwa hivyo pima zako. Ndani ya nati kuna meno yatakayokwangua uzi, kwa hivyo kata kipande cha mrija wa kalamu ya bairo iliyoisha wino, kipitishe ndani ya nati, shikilia kwa gundi, uzi unapita ndani ya mrija. Nati mbili za M10 zikifuatana kwenye mrija mmoja zinarushwa vizuri kuliko moja kubwa, sijui ni kwa nini watu hawafanyi hivi sana.

Kutu? Itashika, ndio. Kutu haiui bata. Ukikerwa nayo kausha sinka ukifika nyumbani, zipake mafuta kidogo ya kupikia kwa kitambaa. Ukitaka kupaka rangi soma mkebe kwanza, tafuta iliyoandikwa haina ledi, itakuwa kichekesho utoe ledi kwenye sinka halafu uirudishe kwa brashi.

Vitu viwili vya kuangalia. Zinki: usitengeneze vitu vidogo vya zinki tupu, nayo ni sumu kwa ndege akimeza, na Marekani wakiorodhesha marisau salama kwa bata wanakubali chuma, bismuthi na tungsteni, zinki hapana. Na shaba nyeupe (brasi) ya koki na fitingi za maji kuukuu mara nyingi ina asilimia kadhaa ya ledi ndani ili ikatike vizuri kwenye mashine, kwa hivyo ile koki ya mabomba uliyoweka ukidhani ni hazina, hapana.

Hatua ya tano: zile ndogo ndogo

Hapa chuma kinasumbua kidogo kwa sababu hakibaniki kwenye uzi. Njia rahisi ni waya wa umeme wa nyumba. Ule wa 2.5 wa soketi una shaba ya kama gramu 2.2 kwa kila sentimita 10, na ule wa 1.5 wa taa kama gramu 1.3. Menya plastiki kwa kisu, tafadhali usiichome, moshi wa plastiki ya waya ni balaa nyingine kabisa. Zungusha ile shaba kwenye msumari iwe kama springi, toa msumari, pitisha uzi katikati na ubane ncha moja taratibu ishike. Ukitaka nzito ongeza mizunguko, ukitaka nyepesi kata. Unaisogeza juu chini bila kuumiza uzi, jambo ambalo punje ya ledi iliyobanwa haikubali.

Wa trauti, nyinyi mna kesi yenu. Kenya ina mafundi wazuri sana wa kufunga nzi bandia, kazi yao inauzwa mpaka Ulaya na Marekani, na nzi nyingi za kuzama zinazungushiwa waya wa ledi chini ya nyuzi, hauonekani. Ukinunua, uliza. Ukifunga mwenyewe tumia waya mwembamba wa shaba kutoka mota iliyoungua, mafundi wa mota wanazo rundo, ama weka shanga ya tungsteni kichwani. Tungsteni ni nzito kama mara 1.7 ya ledi kwa umbo lile lile, kwa hivyo nzi inazama haraka zaidi na inabaki ndogo. Ni ghali, sikatai, lakini shanga ni kitu kidogo na mfuko mmoja unakaa muda.

Punje za bati na za bismuthi zipo pia, duka la vifaa vya uvuvi likikosa utaagiza. Soma paketi vizuri, maana kuna zile zimepakwa rangi ya kijani zikapewa jina zuri la mazingira na ndani ni ledi ile ile. Mizani na glasi ya maji, unajua la kufanya.

Hatua ya sita: usipoteze sinka hovyo

Hata ya chuma ni takataka ikibaki chini. Funga sinka kwa kipande cha uzi dhaifu kuliko uzi wako mkuu, yaani uzi mkuu ukiwa wa kilo 8, hiki kiwe cha 4, ikikwama kwenye mawe inakatika sinka peke yake na unarudisha ndoano na samaki. Kwa sehemu zenye magugu na miti iliyozama tumia jiwe lililovikwa kipande cha tyubu ya baiskeli, toboa tyubu, pitisha huo uzi dhaifu. Likibaki limebaki, ni jiwe limerudi kwa mawe wenzake.

Na uzi uliochanganyikana usiutupe ufukweni, ukate vipande vifupi urudi nao. Miguu ya yangeyange na kwarara inanaswa humo.

Wenye nyavu, badala ya ledi kwenye kamba ya chini weka udongo wa kuchoma, vijishanga vinene vyenye tundu, mfinyanzi yeyote anaweza kukutolea. Vinavunjika, ndio, lakini ni vya bei ya chini.

Hatua ya saba: ledi kuukuu inaenda wapi

Hapa nakuwa mkali kidogo. USIYEYUSHE. Najua kuna watu wanachukua vile vipande vya kubalansi magurudumu kutoka kwa mafundi wa tairi pale Grogan, wanachukua na sahani za betri kuukuu, wanayeyusha kwa jiko la makaa nyuma ya nyumba na sufuria ambayo kesho itachemsha maji. Ledi inayeyuka kwenye digrii 327 tu kwa hivyo jiko linatosha, na hapo ndipo hatari iko, kwa sababu ukizidisha moto mvuke unaanza, na lile povu la juu likikauka linakuwa vumbi linaloshuka kwa nguo zilizoanikwa, kwa mchanga watoto wanachezea. Tone moja la maji likiingia kwenye ledi iliyoyeyuka linageuka mvuke ghafla na chuma cha moto kinaruka usoni. Mtoto mdogo akimeza ledi, mwili wake unachukua mara nne mpaka tano ya vile ungechukua wa mtu mzima, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango salama kinachojulikana.

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka Owino Uhuru kule Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri katikati ya mtaa, watu na watoto wakapata sumu ya ledi, Phyllis Omido akapigania mpaka akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Jiko lako si kiwanda lakini ledi ni ile ile.

Fanya hivi: weka ledi yote kwenye mkebe wa chuma ama chupa ya plastiki nene yenye kifuniko, andika LEDI SUMU kwa maka, iweke juu mahali watoto hawafiki, na ikijaa peleka kwa wakusanyaji wa betri za gari wenye leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira. Mwombe akuonyeshe leseni. Usiitupe kwa pipa, itaishia jalala la Dandora ambako kuna watu wanachambua taka kwa mikono. Usimpe jirani mwenye jiko. Gazeti na glavu za ile hatua ya kwanza ziingie kwenye mfuko ufungwe, meza ipanguswe kwa kitambaa chenye maji na sabuni (usifagie kavu), na mikono ioshwe kabla hujashika mandazi.

Wenye bunduki

Mko wachache lakini mpo, mnaenda reinji, ule uwanja wa kulenga shabaha. Ledi huko haiko kwenye risasi peke yake, hata kile kilipuzi cha nyuma ya ganda mara nyingi kina mchanganyiko wa ledi, kwa hivyo ule moshi unaovuta ni ledi. Usile wala kuvuta sigara pale, osha mikono na uso kwa sabuni na maji baridi ukimaliza, badilisha nguo na viatu kabla ya kuingia kwa gari la familia, na nguo zifuliwe peke yake. Watoto wasisaidie kuokota maganda. Muulize muuzaji wako mwenye leseni kama ana risasi za shaba zenye kilipuzi kisicho na ledi, na hakikisha aina hiyo inaruhusiwa kwenye cheti chako na kwenye hiyo reinji, maana shaba ni ngumu na inaweza kurudi kutoka kwa bamba la chuma tofauti na ledi. Kama reinji iko karibu na mto, waulize udongo wa nyuma ya shabaha unachujwa lini na unapelekwa wapi. Bunduki za upepo nazo, zile risasi zake ndogo ni ledi, na kuna za bati na za aloi zingine.

Ukikuta ndege anaumwa

Yule niliyeeleza, mabawa chini, kinyesi kijani, hakimbii ukimkaribia. Usimpe maziwa wala ugali. Mfunike kwa koti ama leso, muweke kwenye katoni yenye matundu, mahali pa giza na kimya, na uwapigie KWS, shirika la wanyamapori. Akiwa tai, mwewe ama bundi, kuna Kenya Bird of Prey Trust wenye vituo vya kutibu ndege hao. Daktari wa wanyama anaweza kutoa kile kipande na kumpa dawa inayoshika ledi kwenye damu, lakini ni kama amefika mapema. Andika mahali ulipomkuta na uangalie kama ana uzi unaotoka mdomoni, usiuvute, uache ulivyo.

Hatua ya mwisho: bwawa lenu

Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ina kosa la kumwaga vitu vya sumu kwenye maeneo ya wanyamapori, na Katiba kifungu cha 42 inatupa haki ya mazingira safi, lakini kwenye bwawa la mtu binafsi linalotoza kiingilio, sheria ya haraka kuliko zote ni ya mwenye bwawa. Mwendee. Usianze na swani wa Uingereza, anza na samaki wake na maji anayomwagilia sukuma. Mwambie aweke kibao getini: sinka za ledi chini ya gramu 50 haziingii. Halafu msaidie, kwa sababu kibao bila mbadala ni kelele tu. Wewe na wenzako mkate nondo za kilo tano hivi, hizo ni kama sinka mia moja za gramu 50, muweke kwenye debe hapo kwa mlinzi, na pembeni mkebe wenye kifuniko. Anayekuja na ledi anaiacha kwenye mkebe, anachukua ya nondo ya uzito huo huo na kidogo juu. Mlinzi apewe glavu. Mkebe ukijaa mtu mmoja aliyekubaliwa ndiye anaupeleka kwa mkusanyaji, na risiti ibandikwe pale getini ili asije mtu kusema mliuza chuma chakavu mkanywa chai.